Fomu ya Biolojia Niliyoifuta kwa Mkono Wangu

Maneno yalikuwa haya: mtoto akisoma biolojia ya kilimo, chuo kikuu hakimtaki. Wanaliona jina la somo kwenye karatasi yake, wanacheka, wanaiweka pembeni. Somo lile, eti, shule imelianzisha kwa ajili ya watoto wetu sisi wa mashambani, ili wakimaliza waje kushika visu walivyoviacha wazazi wao.

Niliyasikia mwezi wa pili, shambani, nyuma ya mashine ya saladi, ile inayotambaa nasi tukiifuata tukikata, mimi nikiwa mstari wa tatu na Obdulia mstari wa nne. Obdulia ndiye aliyemsimamia binti yangu ubatizo, kwa hiyo tunaitana komadre, na mtu mliyeunganishwa naye kwa maji ya kanisani huwezi kumwambia anyamaze. Yeye hukata saladi huku anaongea na hakosei kichwa hata kimoja. Mimi nikisikia jambo, mkono unasimama.

"Nani kasema?" nikamuuliza.

"Wote wanajua, komadre. Wewe tu ndiye uliyelala."

"Wote ni nani?"

"Wilibaldo wangu alisoma hiyohiyo. Yuko wapi leo? Anapakia maboksi kwenye lori. Na kichwa kile unakijua, si cha kupakia maboksi. Alikosa nini? Somo tu."

Nilikata vichwa vitatu vibaya, msimamizi akanirushia kimoja miguuni. Nikainama, nikaendelea. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, nami nikishaingiwa na neno huwa nalala nalo na kuamka nalo, hata nikikanda unga wa tortilla, zile chapati zetu za mahindi, linazunguka mlemle kwenye unga.

Naandika kwa kina mama wenzangu wa hapa bondeni, ambao kila mwezi wa pili watoto wao huleta nyumbani karatasi ya kuchagua masomo ya mwaka unaofuata. Mimi shule niliishia darasa la sita, kule kwetu Michoacán, kabla ya kuvuka mpaka, na sioni aibu kulisema. Biolojia yetu ilikuwa mwalimu kuchora haragwe ubaoni, kisha sote tunachora haragwe, kisha tunakwenda nyumbani kula maharage. Sikujua kwamba hapa California biolojia zipo nyingi kama pilipili sokoni na kila moja ina ukali wake.

Kijitabu cha shule kilikuwa cha Kihispania, kwa hiyo nilikisoma mwenyewe. Kulikuwa na biolojia ya kawaida. Kulikuwa na biolojia ya juu, ambayo mwisho wa mwaka ina mtihani mgumu wa kiwango cha chuo. Kulikuwa na biolojia ya kilimo, ya Mwalimu Dutra, yenye maabara, bustani na kondoo wanane nyuma ya uwanja wa mpira. Na kulikuwa na anatomia na fiziolojia, ambayo ni habari ya mwili wa binadamu, mifupa, damu, moyo. Nilipofika hapo nikasimama. Hii, nikasema, hii ndiyo ya madaktari.

Binti yangu Yaretzi, ambaye sisi tunamwita Yari, alikuwa mwaka wa kwanza wa sekondari, na alikuwa ameshachagua. Alichagua siku baba yake aliporudi na saladi iliyonyauka.

Mume wangu Abundio ni mtu wa maji. Anafungua na kufunga mabomba ya kumwagilia, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kuona mstari ukianza kulala. Mwaka ule saladi zilikuwa zinalala sana. Unaziacha jioni zimesimama, asubuhi upande mmoja umelegea kama shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alileta moja mezani, Yari akachukua kisu changu cha kazi akaupasua mzizi katikati. Ndani kulikuwa na mstari wa rangi ya kutu, kuanzia chini hadi kwenye kichwa.

"Baba, maji yanapita hapa?"

"Yanapaswa kupita."

"Basi kuna kitu kimekaa njiani."

"Kuvu," Abundio akasema. "Inakaa kwenye udongo. Wanasema huwezi kuitoa, labda uhame wewe."

"Nani amejaribu?"

Baba yake akanitazama mimi, kana kwamba mtoto ni wangu peke yangu. "Mwulize Dutra," akasema.

Akamwuliza. Mwalimu Dutra alimwambia mwaka wa pili darasa lake litapanda aina sita za saladi kwenye udongo mgonjwa, waone ipi itasimama. Kuanzia hapo hatukupumua. Dirisha la jikoni likajaa mitungi ya kioo yenye mizizi, nami nikawa napika tamales, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani, nimeyapa mgongo maji ya kahawia.

Nitasema kweli yangu. Kwa miaka kumi na minane nimeikata saladi. Najua harufu yake kwenye glavu, kwenye nywele, kwenye mkate. Sikuvuka jangwa kwa miguu ili mtoto wangu akasome saladi. Neno la Obdulia lilipoanguka, lilianguka kwenye udongo uliolimwa tayari.

Jumapili, baada ya misa, Yari alinipa ile fomu niweke sahihi. Aliijaza kwa penseli, maana mshauri wa shule alisema watumie penseli. Kwenye mstari wa sayansi aliandika biolojia ya kilimo. Chini yake, kwenye chaguo la pili, biolojia ya kawaida. Mwandiko wake ni mzuri kuliko mwandiko wowote uliowahi kutoka kwenye ukoo wetu.

"Nitaipeleka mwenyewe kesho," nikamwambia. "Nina karatasi ya chakula cha shule ya kupeleka ofisini."

"Usiipoteze, mama."

"Nimewahi kupoteza nini?"

"Cheti changu cha ubatizo."

"Kilikuwa ndani ya friji, hakikupotea."

Alikwenda kuosha nywele. Nilisikia maji yanaanza. Nikachukua kifutio cha mdogo wake, nikafuta chaguo la kwanza, nikaandika anatomia na fiziolojia nikinakili herufi moja moja kutoka kwenye kijitabu. Kisha nikafuta na chaguo la pili, nikaliacha tupu. Niliona kwamba nikiwaachia mlango wa pili, watampitisha huo. Chini ya jina la somo kwenye kijitabu palikuwa na mstari wa maandishi madogo wenye neno nisilolijua. Sikuuliza. Nikaweka sahihi yangu polepole, nikapuliza vumbi la kifutio, nikajiona mama hodari.

Majira ya joto yakapita hivyo. Yari akikusanya mizizi, mimi nikikusanya maneno ya kumwambia siku itakapojulikana. Nilikuwa nimeyapanga vizuri: utanishukuru ukivaa koti jeupe.

Mwezi wa nane ratiba ikaja. Yari aliifungua kwenye simu, akaisoma, akaiweka simu kifudifudi mezani.

"Wamekupa nini?" nikauliza.

"Sayansi ya jumla."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni ya waliobaki, mama. Wanaokosa nafasi wanawekwa humo. Tunatazama video." Akakwaruza meza kwa kucha. "Mwalimu Dutra hakunitaka."

Hapo ndipo nilipaswa kufungua kinywa. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa ya daktari, sikuwa na hata moja la sayansi ya jumla. Nikampa wali na maharage. Hakula, na huyu ni mtoto anayekula tortilla sita.

Shule ikafunguliwa. Yari hakulia wala hakulalamika. Alimwaga mitungi yote nyuma ya nyumba, akaiosha, akaipanga kabatini. Jumapili tulikutana na Mwalimu Dutra kwenye duka la mikate. Ni mzee mrefu mwenye viatu vya matope hata siku ya misa, wa watu wa visiwa vya Azori waliokuja na ng'ombe wa maziwa zamani za mababu. Akavua kofia akasema, "Habari yako, Yaretzi." Binti yangu akageukia mikate ya sukari akaitazama kana kwamba imeandikwa maneno. Mzee akarudisha kofia kichwani. Nilisimama katikati yao nimeshika koleo la mikate, nikiijua sababu peke yangu.

Siku nane za kwanza za shule nilikaa hivyo. Siku ya tisa ilikuwa jioni ya wazazi, ile ambayo shule inatualika kuona madarasa. Jua lilikuwa bado juu ya milima. Yari alibaki kwenye pikapu na simu yake, akasema anayajua madarasa. Mimi nikaenda moja kwa moja kwa Dutra, kabla miguu haijabadili mawazo.

Alikuwa anafuta hadubini kwa kitambaa. Kwenye dirisha kulikuwa na trei sita za miche, kila moja na jina lake.

"Mwalimu," nikasema, "mimi ni mama yake Yaretzi."

"Namjua mama yake Yaretzi. Nina swali kwako, senyora, tena limenikaa kooni. Nilimkosea nini mtoto yule?"

"Hukumkosea."

"Mwezi wa pili alikuja hapa kila mchana kuniuliza habari za kuvu. Nikamwandikia trei ya tatu." Akaonyesha kwa kidole, kwenye kibao kilichochomekwa palikuwa na jina la binti yangu, limepigwa mstari, na juu yake jina la mwingine. "Kisha fomu inakuja, hajanichagua. Nikasema sawa, vijana hubadilika. Lakini hata salamu?"

"Anadhani wewe ndiye uliyemkataa."

"Mimi?"

"Fomu niliifuta mimi," nikasema. "Kwa kifutio. Niliambiwa chuo kikuu hakilitaki somo lako."

Nilitegemea anifukuze. Alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani, akacheka hadi akafuta macho kwa kile kitambaa cha hadubini.

"Nani alikuambia?"

Nikamtaja mtoto wa Obdulia.

"Wilibaldo." Akatikisa kichwa. "Wilibaldo alipata alama ya juu kabisa humu ndani. Chuo kikuu hakikumkataa, senyora. Hakikumjua. Fomu ya kuomba aliikalia mpaka siku ikapita. Mimi mwenyewe nilimfuata hadi kwao, akajificha nyuma ya nyumba."

Alinipeleka ofisi ya tatu mkono wa kushoto, kwa mshauri, Bi Nakagawa, mwanamke mdogo anayeongea Kihispania taratibu kama mtu anayepanga mayai. Akatoa karatasi ya vyuo vikuu vya jimbo akanionyesha kwa kalamu. Biolojia ya kilimo ya shule ile imeandikwa humo kama sayansi ya maabara, sawa na biolojia ya kawaida. Kisha akatoa fomu ya Yari, yenye kivuli cha mwandiko wake chini ya mwandiko wangu.

"Anatomia hawezi kuichukua kabla hajamaliza biolojia," akasema. "Imeandikwa hapa." Akaniwekea kalamu kwenye ule mstari mdogo. "Kompyuta ilimkataa, ikatafuta chaguo la pili, ikakuta hakuna kitu. Ikampeleka kwenye nafasi iliyobaki."

"Mrudishe kwa Mwalimu Dutra."

"Darasa lake limejaa. Meza za maabara ni thelathini na mbili, na mtu wa thelathini na tatu siruhusiwi kumwingiza, kwa usalama. Na kubadilisha masomo kunafungwa kesho, siku ya kumi."

Nadhani uso wangu ulinisaliti, maana Dutra alikohoa mlangoni.

"Mwambie kipindi cha sifuri," akasema.

Kipindi cha sifuri ni darasa linaloanza saa moja kamili asubuhi, kabla shule yenyewe haijaanza. Somo ni hilohilo, mwalimu ni huyohuyo, na nafasi zilikuwa tatu, kwa sababu kijana gani ataamka? Lakini basi la shule halifiki kwetu kabla ya saa mbili kasoro robo. Abundio huingia kwenye maji saa kumi alfajiri. Mimi na mashine ya saladi tunaanza saa kumi na mbili.

"Ongea na binti yako," Bi Nakagawa akasema. "Safari hii anaweka sahihi na yeye."

Nilirudi kwenye pikapu. Yari alikuwa ameweka miguu kwenye dashibodi, nami sikumwambia aishushe.

"Mwalimu Dutra hakukukataa," nikasema. "Fomu yako niliifuta mimi, siku ile unaosha nywele. Nikaandika anatomia."

Watu wawili walipita na kutusalimia, nikawajibu mimi peke yangu.

"Anatomia," akasema mwishoni. "Mama, hata biolojia sijasoma."

"Sasa najua."

"Na chaguo la pili?"

"Nalo nilifuta."

"Kwa nini?"

"Ili wasipate pa kupita."

Akageuza uso dirishani. Mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia, nikamgusa. Hakuwa analia. Yaani alikuwa analia pia, lakini vicheko ndivyo vilivyokuwa mbele.

"Nilimnunia mzee wa watu kwenye mikate," akasema. "Mama, nilimgeuzia mgongo mzee wa watu."

"Nilikuona."

"Uliniona ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Hilo hakulicheka. Alishusha miguu mwenyewe, akakaa sawa. "Usinifanyie tena hivyo," akasema, kwa sauti ya mtu mzima, nami nikaitika kama mtoto. Kisha nikamweleza kipindi cha sifuri na saa zake.

"Nitakwenda kwa baiskeli."

"Barabara ile ya malori, gizani? Hapana. Hapo siogopi uvumi, naogopa malori."

"Basi tufanyeje?"

Nilikuwa nimeshafikiri nikitembea kutoka ofisini. Kikundi cha kupalilia huanza saa moja na nusu. Ni kazi ya kuinama zaidi, jua linakukuta katikati, na humo sina shoga hata mmoja. Kwenye mashine ya saladi nilikuwa na mstari wangu wa tatu, watu wote wanaujua. Asubuhi yake nilikwenda kwa msimamizi kabla hajashuka kwenye gari, nikamwomba anihamishie kwenye jembe. Akaniuliza kama nimegombana na Obdulia.

"Bado," nikamwambia.

Siku ya kumi, saa sita mchana, tulikuwa mlangoni kwa Bi Nakagawa, Yari na mimi, tukakuta umefungwa. Mshauri amekwenda kula. Tukakaa sakafuni nusu saa, Yari ameshika fomu mpya kwa mikono miwili, hakuniachia hata niiguse. Aliijaza, chaguo la kwanza na la pili. Akaweka sahihi yake, nikaweka yangu chini. Bi Nakagawa aliporudi akaandika kwenye kompyuta, mashine ikatoa ratiba, na mtoto akaisoma mara mbili kwa sauti. Kutoka pale alikwenda mwenyewe kwa Dutra. Sikumfuata. Nilimwona kupitia kioo anaongea ameinamisha kichwa, na mzee anampa ndoo. Alitoka nayo kwenda kwa kondoo.

Obdulia nilimkabili Jumamosi, nikiwa nimemletea tamales ili isiwe vita.

"Komadre, mwanao hakuomba chuo."

"Kwani nimesema aliomba?"

"Ulisema walimkataa."

"Aliniambia walimkataa. Mimi ni mama yake, nimwamini nani, wewe?" Akafungua jani la tamale, akala kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kisha akasema, "Siku mwalimu alipokuja alijificha nyuma ya nyumba, sivyo? Nilidhani anavuta sigara." Wiki iliyofuata Wilibaldo alionekana ofisini kwa Bi Nakagawa, mama yake nyuma yake kama askari, kuuliza habari za chuo cha miaka miwili. Sijui ataenda. Mama yake anasema ameshaenda, lakini nimejifunza kusubiri.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Saa moja kasoro robo tuko kwenye pikapu, mimi na Yari, na kahawa kwenye chupa. Siku za mashine hatukuwahi kuongea asubuhi, nilikuwa nikiondoka amelala. Sasa ananieleza jinsi kuvu inavyoziba mishipa ya maji, na mimi namweleza ni mashamba yapi nimeona yakilala, kwa sababu jembe linakufikisha kila mahali. Ameandika jina langu kwenye daftari lake la maabara, chini ya watoa habari. Aina moja kati ya sita imesimama vizuri. Mbili zinasitasita. Tatu zimekufa, na hizo ndizo anazozipenda, maana anaipasua mizizi yake aone kuvu ilipokaa.

Mgongo unaniuma. Naikumbuka mashine na maneno yake. Lakini nikimshusha pale getini na kumwona anakimbia na viatu vya matope, sina la kudai.

Basi, kina mama, fomu ikija, epukeni haya:

Usibadilishe alichoandika mtoto bila yeye kujua.

Usiache chaguo la pili tupu.

Usiruke maandishi madogo chini ya jina la somo. Neno usilolijua, liulize.

Usimchagulie anatomia mtoto ambaye hajasoma biolojia.

Usiamini habari za chuo kutoka kwa mtu ambaye hajaiona barua ya chuo.

Usilihukumu somo kwa jina lake. Uliza kama linahesabiwa kuwa sayansi ya maabara, na uonyeshwe palipoandikwa.

Usiende kwa mshauri saa sita mchana. Mlango hufungwa.

Usimwache mtoto aamini mwalimu amemkataa na wewe unajua si kweli. Hata kwa siku moja.

Usisubiri siku ya kumi.